Katibu, kasuku aliyemng'ata kila mtu isipokuwa bibi

Nyumba iko Forest, Mbeya mjini. Baba anafanya kazi reli, mama ana duka la vitenge Mwanjelwa, watoto ni wawili: binti wa kidato cha tatu na mdogo wake wa kiume wa darasa la tano. Yupo dada wa kazi kutoka Mbozi, na yupo bibi, mama yake baba, aliyeletwa kutoka Tukuyu ili bega lake litazamwe hospitali. Wa saba ni kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, jina lake Katibu. Jina hilo alipewa kwa sababu hukohoa kidogo kabla ya kusema neno, kama mtu anayejiandaa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Wenye nyumba wameridhia kisa kiandikwe, mradi majina yao yasitajwe.

Katibu ni ndege wa urithi. Aliishi miaka mingi Dar es Salaam kwa mjomba wake baba. Mzee alipofariki, ndugu wakakaa, wakaona wa kumchukua ni huyu wa Mbeya kwa kuwa ndiye mwenye nyumba yenye nafasi. Karatasi zake zilikuwepo. Mimi, ninayeitwa kufundisha ndege wa kufugwa, huziulizia kabla ya jambo lolote, maana kisheria kasuku wa kijivu ni mnyamapori, na kumfuga kunataka kibali cha mamlaka za wanyamapori. Tena tangu Januari 2017, kufuatia mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka uliotangulia, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Anayeuziwa kasuku huyu kichochoroni bila karatasi anajinunulia kesi.

Malalamiko yao yalikuwa mafupi: anang'ata. Baba alikuwa na plasta kwenye kidole cha shahada, dada ana kovu karibu na kiwiko cha mkono, mama sikio lilishapona. Na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ndege ana ukorofi wa asili. Mama alisema anamlilia marehemu. Dada hakuzunguka: "Ana roho mbaya tu huyo." La msiba sikulipuuza, kwa kuwa kasuku hujenga mazoea makubwa na mtu wake, na kuondolewa nyumba aliyoizoea kunamtikisa kweli. Lakini huzuni haichagui saa ya kubadilishiwa maji. Mng'ato wenye ratiba una sababu iliyo karibu zaidi.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Nilipofika walikuwa wameshapita ushauri wa mtaa mzima. Baba alikuwa amenunua glovu za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea, akawa anamkamata nazo jioni kumrudisha tunduni. Kidole kilipona, ila ndege akajifunza kwamba kitu kikubwa cha kahawia kikitokea anabanwa. Baada ya hapo hata mkono mtupu ukija kwa mwendo ule ule alikuwa anaanza kupigana kabla haujafika.

Kuna aliyewaambia wampulizie usoni. Mwingine akasema wampige kidole cha mdomo. Mwingine akasema anyimwe chakula kutwa nzima mpaka ashike adabu, jambo la hatari kwa ndege mwenye uzito usiofika hata nusu kilo au unaoizidi kidogo. Jirani mmoja alishauri vidole vipakwe pilipili kichaa. Vikapakwa. Katibu alivilamba kwa utulivu kimoja baada ya kingine, akaangalia kama vipo vingine. Ndege hawasikii ule mwasho tunaousikia sisi, kwa sababu mishipa yao ya fahamu haichokozwi na kemikali ya pilipili kama ya kwetu. Ndiyo maana huko mashambani wao hula pilipili na kutawanya mbegu zake. Aliyechomeka ni binti, alipojisahau akafikicha macho.

Kabla ya yote hayo, Dar es Salaam, kuna mtu alikuwa amempunguza mabawa. Hili ndilo ningeliwekea mstari mwekundu. Porini kasuku asiyependa jambo huruka akaondoka, ugomvi umeisha. Ukimwondolea ndege njia ya kuondoka, unamwachia mdomo peke yake. Manyoya yaliyokatwa huota tena yanapobadilika, na ya Katibu yalikuwa yanarudi, hivyo niliwaomba wasiyaguse tena. Badala yake tukakubaliana kuhusu nyavu za madirisha na mlango wa nyuma kufungwa anapokuwa nje ya tundu.

Daftari

Sikuanza na ndege. Nilinunua daftari la shule, likafungwa uzi na kutundikwa msumarini karibu na tundu, nikaomba kila anayeng'atwa aandike mwenyewe: saa, alikuwa anafanya nini kabla, na baada ya kung'atwa alifanya nini. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Nanukuu kama walivyoandika.

Baba: "Saa kumi na mbili na nusu jioni. Alikuwa juu ya kiti, nikamwambia twende ukalale, nikapeleka mkono. Kang'ata. Nikamwachia, nikaenda kutafuta glovu."

Dada: "Asubuhi. Nabadilisha maji. Kaning'ata. Maji sijabadilisha."

Binti: "Nilikuwa namkuna mgongoni, anafurahi kabisa, ghafla tu kanigeukia."

Soma mstari wa dada mara mbili. Mkono uliingia tunduni, ndege hakuutaka, aking'ata mkono unatoka. Amepata alichotaka, na kwa haraka. Kesho yake atafanya nini kama si kung'ata mapema zaidi? Kwa baba ni hivyo hivyo: mkono wake jioni ulikuwa na maana moja tu, kwamba raha ya sebuleni imekwisha. Alipong'atwa akamwachia, Katibu akabaki kwenye kiti dakika nyingine kumi, TV inaendelea. Hakuna mwalimu angemlipa vizuri kuliko hapo. Wakati huo huo baba anapiga kelele, watoto wanacheka, nyumba nzima inamtazama yeye, na kwa kasuku kelele za watu wake mara nyingi ni burudani kuliko adhabu.

Mstari wa binti ni wa aina nyingine. Kumkuna kasuku mgongoni, chini ya mabawa au karibu na mkia ni kumgusa mahali ambapo ndege hugusana wakitaka kupandana. Anasisimka, anachanganyikiwa, anang'ata. Kichwa na shingo vinatosha. Na lile neno "ghafla" silikubali kwa kasuku yeyote niliyewahi kumwona. Nilikaa na binti mbele ya tundu tukamtazama Katibu akiwa anasogelewa na mdogo wake. Mboni zake zilisinyaa zikawa nukta, zikapanuka, zikasinyaa tena. Manyoya ya kisogo yakasimama. Mwili ukakakamaa, akaegemea nyuma, mguu mmoja ukainuka kidogo. Yote hayo yalitangulia mdomo. Binti akasema, "Kumbe huwa anasema." Zamani alikuwa pia anaguruma, sauti ya chini ya kukwaruza ambayo kasuku wa kijivu wanayo, lakini akiguruma alikuwa anafokewa, "Wee Katibu, adabu!" Akaacha kuguruma. Walidhani ametulia.

Bibi

Katika daftari zima bibi hakuwa na mstari hata mmoja. Nikauliza kama haandiki kwa sababu ya bega. Wakacheka: bibi hajawahi kung'atwa.

Nikaomba niruhusiwe kukaa naye asubuhi. Bibi hukaa kwenye kigoda dirishani, jua linapoingia, anachambua maharage kwenye ungo, mkongojo umelala magotini. Tundu likifunguliwa, yeye hamfuati ndege. Anamwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," kisha anaendelea na maharage yake. Bega halimruhusu kuinua mkono, kwa hiyo mkono wake haujawahi kumjia Katibu kutoka juu, na kwa ndege kinachotokea juu ni mwewe. Akitaka kumsogeza, anausogeza mkongojo taratibu mpaka ufike usawa wa miguu yake, anangoja. Akipanda, kuna punje ya karanga na "ndaga", yaani asante. Asipopanda, bibi anaurudisha mkongojo magotini bila kusema neno. Dakika chache baadaye anajaribu tena, au hajaribu.

Niliona Katibu akikataa asubuhi hiyo. Alifanya nini? Aligeuza kichwa upande wa pili. Basi. Kukataa kwake kulipokelewa, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kutumia mdomo. Kisha akakohoa, akasema "ndaga" kabla hajapewa chochote.

Bibi hakuwa amesomea jambo hili, na nilipomweleza kwamba anafanya kile ambacho wataalamu wa tabia za wanyama hukifundisha alinijibu, "Mwanangu, kiumbe usichokilazimisha kitakugombania nini?" Mafunzo yote yaliyofuata yalikuwa ni kuwahamishia wengine tabia ya bibi, kipande kwa kipande.

Kwanza nyumba

Kabla ya kumfundisha ndege yeyote asing'ate huwa nataka daktari wa mifugo amtazame, hasa kama kung'ata kumeanza karibuni, maana maumivu huuma kupitia mdomo. Tulipata aliyemkagua pumzi, kinyesi, mdomo na kucha, akasema yuko sawa ila manyoya yamefifia, chakula chake kibovu. Kilikuwa alizeti tupu, na chipsi za watoto. Alizeti ina mafuta mengi, vitamini A haba na kalsiamu haba, na kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kupungukiwa kalsiamu. Akahamishiwa polepole kwenye mboga za majani, karoti, malenge, mahindi mabichi, na maharage yaliyoiva kabisa. Tukampima kila asubuhi kwenye mzani wa jikoni tuhakikishe hapungui.

Mama alipendekeza parachichi iwe ndiyo zawadi ya mafunzo, maana kwao Rungwe zinaoza chini ya mti. Nilisimama wima. Parachichi ina sumu inayoshambulia moyo wa ndege, na kwa kasuku kipande kidogo kinaweza kuua. Kwa mikoa hii yetu, ambako bakuli la parachichi liko mezani karibu kila nyumba, hili ni jambo la kumwambia mpaka mgeni. Karanga nazo ziwe zilizochaguliwa, zisizo na ukungu, kwa ajili ya sumukuvu.

Kisha jiko. Nilifika Julai, na baridi ya Mbeya mwezi huo haina mzaha. Jioni jiko la mkaa lilikuwa linaingizwa sebuleni, madirisha yamefungwa, tundu hatua chache kutoka hapo. Hewa ya mkaa inaua watu, sembuse ndege ambaye mapafu yake huchukua kila kilichomo hewani kwa wepesi kuliko sisi. Jiko likarudi nje siku hiyo hiyo. Katibu akawekewa blanketi pande tatu za tundu usiku, na kikaango kile kisichogandisha chakula kikahamishiwa jiko la uani, maana kikiunguzwa sana mvuke wake humaliza ndege kwa dakika.

Tundu lilikuwa koridoni, njia panda ya jikoni na sebuleni, kila apitaye anapitisha kidole. Likahamia kona ya sebule, ukuta nyuma na ukuta ubavuni. Saa moja usiku linafunikwa, TV itake isitake. Kasuku anahitaji usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili, naye alikuwa anakesha na tamthilia mpaka saa tano. Ugomvi mwingi wa jioni ulipungua hapo hapo, kabla sijamfundisha chochote.

Kijiti na mpini

Alizeti ilipotoka kwenye bakuli haikutupwa. Ikawa mshahara.

Tulianza na kijiti cha mshikaki kilichokatwa ncha, Katibu akiwa ndani, sisi nje. Kijiti kinaonyeshwa mbali kidogo na mdomo. Akikigusa, hata kwa udadisi tu, papo hapo linasemwa neno moja, "Safi!", na punje ya alizeti inafuata. Neno lisemwe pale pale anapogusa. Likichelewa, umemsifia kwa kitu kingine, labda kwa kukitafuna. Vipindi vilikuwa vifupi mno, dakika chache asubuhi na chache alasiri, na tuliacha angali anataka. Mdogo wake binti ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Watoto huwa hivyo, hawana hotuba.

Ikatokea kilichonichekesha: Katibu alianza kusema "Safi!" mwenyewe, kisha anangoja alizeti. Tukakubaliana asilipwe kwa hilo.

Alipokuwa anafuata kijiti kokote kinakoelekea, dada akapata dawa yake. Katibu anaitwa kwa kijiti aende upande wa mbali, mtoto anamlipa pale, dada anabadilisha maji upande huu kwa amani. Mkono wake na mdomo wa ndege havikutani. Baadaye dada mwenyewe akawa anadondosha punje kwenye bakuli kila anapopita, hata kama hana kazi hapo. Alinung'unika kwamba anampa chakula adui, lakini alifanya.

Kwa baba tulitumia mpini wa ufagio wa zamani, ukakatwa, ukazungushiwa kamba ya katani ili miguu ishike vizuri. Glovu zikatolewa nyumbani kabisa. Mpini uliwekwa kwanza juu ya meza siku kadhaa awe ameuzoea, kisha ukashikwa mbali, kisha karibu, kila hatua akitazamwa mboni na kisogo. Akiegemea nyuma, mpini unarudi. Hapo ndipo baba alipopata shida. "Sasa si ananishinda?" aliniuliza. Nikamwambia ashindwe kwa kisogo leo ili asishindwe kwa kidole kesho. Alikubali shingo upande.

Mpini ulipokuwa unapandwa bila wasiwasi, baba akawa anaushika karibu na ncha zaidi na zaidi, mpaka miguu ya ndege ikawa pembeni ya kidole, mpaka kidole kikawa sehemu ya njia. Na kurudi tunduni kukabadilishwa maana: chakula cha jioni kinatangulia ndani kabla hajaitwa, na mara nyingine anaingizwa, analipwa, anatolewa tena. Tundu likaacha kuwa mwisho wa raha.

Wakauliza, na aking'ata hata hivyo? Usivute mkono kwa nguvu, maana ngozi huchanika kwa kuvuta. Usipige kelele. Mteremshe taratibu kwenye kitu kilicho karibu, kaa kimya kidogo, kisha muombe jambo jepesi analoliweza, ulipe hilo. Halafu uende kwenye daftari ujiulize ni ishara gani iliyokupita. Kuna shule ya watu wanaosema kaza moyo, acha akung'ate mpaka aone haina faida. Siipendi. Huyo mtu siku moja atashindwa kuvumilia, atavuta mkono, na ndege atakuwa amejifunza kwamba inabidi kung'ata kwa nguvu zaidi.

Jumapili ya kipaimara

Binti alipata kipaimara, nyumba ikajaa wageni, spika uani, Katibu hakufunikwa mpaka usiku mkubwa. Kesho yake mama akamweka begani kama zamani, hereni zinang'aa, akang'atwa sikio lile lile. Ikasemwa mafunzo hayana maana, ndege karudi alikotoka.

Hakuwa amerudi. Alikuwa amekosa usingizi, ametishwa, na amewekwa mahali ambapo mtu hawezi kumwona macho. Begani mboni huzioni, kisogo hukioni. Bega likapigwa marufuku, hereni au hakuna hereni. Mpini ukarudishwa mbali hatua mbili tatu, alizeti ikaongezwa, na baada ya siku chache walikuwa walipokuwa.

Alipo sasa

Baba anambeba kwenye mpini nyumba nzima, na kwenye mkono asubuhi tu. Jioni bado anatumia mpini, nami sijamshauri abadilishe. Mdogo wake binti anaweza kumwita kutoka kwenye kiti hadi tunduni bila kumgusa. Binti anamkuna kichwa, na Katibu mwenyewe huinamisha shingo kuomba. Dada hamshiki na hataki kumshika, na hilo nimeliandika kama mafanikio, kwa kuwa halazimiki. Gurumo imerudi. Baba alinipigia simu kuniuliza kama ni dalili mbaya, nikamwambia ndiyo habari njema kuliko zote, aheshimu.

Bega la bibi limepata nafuu, anarudi Tukuyu mwezi ujao. Mama ndiye atakayekaa kigodani asubuhi kabla ya kwenda dukani, na ameanza kukaa naye sasa, bibi akiwa bado yupo, ili ndege asipoteze mtu mwingine kwa siku moja. Kazi iliyobaki ni sanduku la kusafiria: liko wazi pembeni ya tundu, alizeti ndani, bado anaingiza kichwa tu. Wajukuu wa Dar es Salaam wanakuja likizo ya Desemba. Baba ameshaandika kwenye kadibodi juu ya tundu, kwa herufi kubwa: VIDOLE HAPANA. PARACHICHI HAPANA.